Besi, Mvua na Pikcha Sikuona

Ijumaa, 1 Machi 1974

Kitabu hii nimepata leo. Mwenye duka hapa Gatitu alikuwa anatupa, ati panya imekula kona. Nikamwambia imekula kona, haijakula katikati. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kona sihitaji.

Jina ni Ngatia. Nauza vitana, wembe, mawe ya betri ya redio na kamba za viatu sokoni Nyeri. Ukinunua vitana mbili nakupatia hadithi ya bure. Sijawahi kufanya kazi ambayo mdomo haikufanya nusu. Sasa hiyo mdomo imeniingiza kwa shida, ndiyo sababu naandika. Kitabu haiwezi kunisikia nikipiga kelele.

Ilikuwa hivi. Wamae, yule alikuwa anapiga gitaa ya besi kwa bendi ya Muringato Sparks, ameokoka. Aliokoka Jumapili, Jumatatu akazunguka soko yote akiungama. Mimi alinirudishia kitana aliniibia mwaka wa sabini na moja. Ilikuwa bado na nywele. Halafu akapeleka besi kwa Theuri mwenye bendi, akaiweka kwa mlango kama mtoto wa kuokotwa, akaenda zake akiimba.

Leo Theuri amekuja sokoni na uso mrefu. "Nani anajua mtu wa besi?"

Mdomo ikajibu kabla yangu. "Unaongea na yeye."

"Wewe? Wewe wa vitana?"

"Vitana ni ya mchana, mzee. Besi nimepiga miaka saba."

"Wapi?"

"Kiriaini."

Akaniangalia kama mtu anaangalia kiazi anashuku iko na shimo ndani. Akasema mvua inakuja, bugi, ile dansi ya mchana ya vijana, hakuna mpaka Juni. Jumapili ya kwanza ya Juni nitapiga na wao kwa hall, mchana, mbele ya watu. "Ukiweza, kazi ni yako. Ukiwa umenidanganya, nitataja jina yako kwa maikrofoni. Na ya baba yako."

Sijawahi kugusa besi. Hata sikujua iko na waya ngapi. (Ni nne. Nimeuliza.)

Jumapili, 3 Machi

Nimefikiria kuhamia Nanyuki. Lakini iko kitu ingine, na hii sijaambia mtu. Nikisikia besi, tumbo yangu inasimama wima kama mwanafunzi ameitwa jina. Tangu nikiwa kijana. Kuuza kitana hakujawahi kunifanya hivyo. Nikikosa hii kazi nitajua mimi ni mdomo tu, na niko na miaka ishirini na tisa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mwalimu! Ni polisi, Mungu nisaidie.

Anaitwa Koplo Simiyu, mtu wa Bungoma, mrefu kama nguzo ya stima ya barabara. Kila Jumamosi anapangwa zamu kwa sinema ya hapa mjini, kwa sababu vijana wanapigana wakati wa mapenzi. Nilikuwa napitisha wembe pale kwa laini, nyumba za polisi, nikasikia anang'arisha buti na kuimba kwa pua: dum, dudu-dum, dum. Haikuwa wimbo. Ilikuwa besi ya wimbo, wimbo yenyewe haiko.

"Afande, hiyo ni ya wapi?"

"Pikcha ya kauboi mwenye kikohozi. Pahali farasi wanavuka mto."

Nikajua huyu ndiye. Nikamwambia taabu yangu. Si yote. Aliuliza, "Vidole unazo?" Nikasema vidole ni sawa kabisa, miaka saba Kiriaini, ni masikio tu zimelala kidogo.

"Basi nitaziamsha," akasema. "Kuja sinema Jumamosi. Kaa mstari wa tatu. Pikcha ikianza, funga macho. Ukifungua, nitaona."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iishe."

Jumamosi, 9 Machi

Nimelipa kiingilio nikakaa masaa mbili kama viazi kwa gunia. Watu wakacheka, sikujua nini. Watu wakalia, sikujua nani. Jirani akaniuliza kama niko kwa maombi. Nilisikia violini, nilisikia bunduki, nilisikia mtu akila mahindi. Besi sikusikia hata moja.

Simiyu kwa mlango: "Umesikia nini?"

"Mahindi, afande."

"Ni mwanzo."

Jumatano, 13 Machi

Nimetengeneza besi yangu. Ubao wa sipresi, misumari, na kebo nne za breki ya baiskeli. Haina sauti, lakini ukisimamisha mwisho wake kwa mabati ya ukuta, nyumba yote inaongea.

Alhamisi, 14 Machi

Jirani yangu ni Sista Mbula wa hosipitali, Mkamba, anafanya zamu. Amegonga saa mbili asubuhi, ametoka zamu ya usiku.

"Bwana Ngatia, kitanda yangu inatembea."

"Ni besi, Sista."

"Ni nini?"

Nikampigia. Kikombe yake ikaanguka kule ng'ambo. Sasa niko na deni ya kikombe.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimeisikia! Kulikuwa pikcha ya zimwi la barafu. Violini zilikuwa zinachezacheza juu kama kuku, na chini kabisa, kama mtu anahamisha kabati kwa nyumba ya tatu, ndiyo hiyo. Niliruka. Mtu wa kiti ya kando akafikiri ni zimwi imeniogopesha akanishika mkono.

Simiyu amefurahi, yaani ameinua nyusi moja. "Violini ni muuzaji," akasema. "Inakuambia nunua, lia, penda. Besi ndiyo inajua kitu itatokea. Wewe sikiliza mwenye kujua."

Mimi ni muuzaji. 

Alhamisi, 21 Machi

Mvua imeingia. Soko ni matope. Nimeuza kamba moja ya kiatu. Mtu alitaka moja tu.

Jumamosi, 23 Machi

Nilifanya makosa nikamwalika Sista Mbula, kulipa kikombe. Amevaa rinda ya manjano. Taa zikazimwa, mimi nikafunga macho.

"Umelala?"

"Hapana."

"Basi uko namna gani?"

"Nasikiliza."

"Umenileta sinema ukae kando yangu kama maiti?"

Nikamweleza njia nzima ya kurudi, miguu kwa matope. Akasema kule hosipitali kuna wodi ya watu kama mimi na chakula si mbaya. Lakini kwa mlango wake akageuka, akauliza Jumamosi ijayo kuna pikcha gani.

Jumatatu, 1 Aprili

Kuna jambo nimependa sana nataka liandikwe. Simiyu hajui majina ya watu wa besi wa pikcha, hakuna mtu anajua, hawaandikwi kwa bango. Kwa hivyo yeye amewapatia. Yuko *Karani*, anapigia pikcha nyingi za majasusi: kila noti anaigonga kama muhuri, hakosi, hacheki. Yuko *Mama Mkwe*, wa pikcha za Kihindi: anakuja polepole, anakaa, na mkifikiri ameondoka bado yuko. Na yuko *Mzee wa Mzigo*, yule wa kauboi mwenye kikohozi. Huyu anapiga kidogo kuliko wote. Noti moja, halafu anaiachia itembee peke yake mpaka mlangoni.

"Nani mkubwa kwa hao?" nikauliza.

"Mzee wa Mzigo."

"Kwa nini? Karani anapiga mingi."

"Karani anajaza. Mzee anaacha nafasi. Ngatia, wewe unajua kuacha nafasi?"

Nikaanza kumweleza vile najua kuacha nafasi. Nikaeleza kama dakika kumi. Akaendelea kung'arisha buti.

Mimi bado napenda Karani kidogo. Lakini ile ya farasi kuvuka mto ndiyo naipenda kuliko zote duniani, na farasi wenyewe sijaona.

Ijumaa, 12 Aprili

Ijumaa Kuu. Sinema imefungwa. Mvua. Wamae amepita na kundi lake wakiimba, kila mtu na mwavuli. Ameona ubao yangu akaangalia mbali haraka, kama mtu ameona bibi wa zamani.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Nyama kidogo. Vidole zimeota ngozi ngumu kama kisigino. Nimefurahi.

Jumamosi, 27 Aprili

Lazima niandike yote.

Pikcha ilikuwa ya Kihindi, ya daktari na mapacha. Siku hizi Mbula ananinong'onezea kitu inaendelea ili nisikose hadithi, na Simiyu hajakataza hiyo. Leo ananiambia, "Sasa daktari ameshika msichana mkono. Wako kwa bustani. Sasa anampatia ua."

Lakini Mama Mkwe alikuwa amekaa kwa noti moja chini sana, halafu akasimama. Kimya kabisa.

"Sista," nikasema, "hakuna ua hapo. Kuna mtu anashuka ngazi, na nyuma yake kuna mwingine, na yeye hajui."

Mbula akanigeukia.

"Umechungulia!"

"Sijachungulia. Besi imeshika pumzi."

"Ngai!" akasema. "Ni kweli. Ni mjomba. Ako na kisu."

Kumbe tangu Machi huyu mwanamke ananiongopea! Ile ya wiki jana, ati kauboi amerudi shamba akaoa mpishi, hakuna mpishi. Alikuwa ananiadhibu juu ya rinda ya manjano.

Mtu wa nyuma akanipiga kofia. "Nyamaza wewe kipofu!" Halafu baada ya kidogo, kwa sauti ya chini: "Kipofu, huyu atakufa?"

Nikasikiliza. Mama Mkwe alikuwa anarudi, mguu moja, mguu mbili. "Hafi. Ataanguka tu."

Akaanguka! Akaamka! Mstari mzima ukapiga makofi, wengine wakaanza kuniuliza kama daktari atapata msichana, na mama atapona macho, na mmoja akauliza juu ya ng'ombe yake kule Mweiga. Nikamwambia ng'ombe haina besi.

Nimetoka nikiwa mkubwa kama D.O. wa serikali.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Vitana tatu.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Theuri amepita. "Kiriaini, uko tayari?" Nikasema naogopa bendi ndiyo haiko tayari kwangu. Akacheka na meno ya mbele tu.

Jumamosi, 18 Mei



Leo katikati ya pikcha Mbula akaniambia, "Kwani afande wako alifanya makosa gani? Anasimama kama mtoto ameadhibiwa. Pikcha amegeuzia mgongo."

Nikafungua macho. Mara ya kwanza tangu Machi. Pale chini ya kitambaa ya pikcha, kando, Koplo Simiyu amesimama, mikono nyuma, kofia inapata mwanga kidogo. Farasi zinapita juu ya kichwa chake. Na yeye anatuangalia sisi.

Ikiisha nikamngoja nje.

"Afande, mbona huangalii?"

"Ni amri. Askari anaangalia watu, haangalii pikcha. Miaka nne sasa."

"Hujaona hata moja?"

"Niliona kipande. Kuna mtu alirusha chungwa ikapiga kitambaa nikageuka kumtafuta. Niliona farasi. Ilikuwa ndogo kuliko vile nilikuwa nafikiria."

 Nikauliza lile ningeuliza siku ya kwanza. "Na besi, ulijifunzia wapi kupiga?"

"Kupiga?" Akashangaa kweli. "Besi sijawahi kugusa."

"Afande! Miezi mbili na nusu umenifundisha!"

"Kusikia, ndiyo. Vidole uliniambia uko nazo. Miaka saba, Kiriaini."

Tukasimama hapo kwa mvua tukiangaliana. Nilitaka kukasirika na yeye nikatafuta pahali pa kuanzia, nikakosa. Uongo niliyomwambia Theuri ndiyo hiyo hiyo nilimpatia mwalimu yangu. Nikamwambia ukweli. Ni mara ya kwanza nasema ukweli kwa polisi bila kuulizwa mara mbili.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Siku ngapi?"

"Kumi na tano."

"Tafuta mwenye vidole," akasema.

Jumapili, 19 Mei

Katika Nyeri yote mwenye vidole ni mmoja, na ameokoka.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeenda kwa Wamae na ubao yangu kwa gunia.

"Ndugu Ngatia, mimi nimewacha dunia."

"Sikuambii urudi. Simama tu mpakani unionyeshe njia."

"Ile besi ilinipeleka pombe."

"Hii ni ubao ya sipresi, Wamae. Imetoka kwa kitanda."

Akaangalia ubao. Akaangalia dirisha. Akavua koti. "Nyimbo za Bwana tu," akasema.

Nikajua siku hiyo vile sijui kitu. Mkono ya kushoto nilikuwa nashika kama mtu anakaba kuku. Ameninyoosha kidole moja moja. Amenifundisha nyimbo za kanisa tatu, polepole, na mguu yake inapiga sakafu. Katikati ya ya tatu vidole zake zikateleza zikaingia rumba, rumba tamu, macho yamefungwa, mabega yanacheza, halafu akaruka akapiga kelele, "Shindwa!" Akarudi kwa wimbo wa Bwana.

Ziliteleza mara nne. Mara ya nne shindwa ilikuja imechelewa sana.

Jumapili, 26 Mei

Kila jioni kwa Wamae. Najua nyimbo za kanisa tano. Rumba naiba ikipita.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Watu wanacheza barabarani. Mimi siwezi kula. Mbula ameleta uji, amesema nikishindwa kesho atanipatia kitanda ile ya karibu na dirisha kule wodi.

Jumapili, 2 Juni

Saa nane mchana hall imejaa. Vijana wa suruali pana, wasichana wa minisketi, wengi wametoka kanisa moja kwa moja. Theuri akanivalisha besi. Ni nzito! Ubao yangu ilikuwa kuku, hii ni ndama. Mbele ya jukwaa, na mgongo kwetu, Koplo Simiyu amesimama kwa zamu, mikono nyuma.

Theuri akahesabu rumba. Mimi nikaganda. Vidole zikatafuta pahali zinajua, zikaenda kanisani.

Naandika vile niliona. Wachezaji walipunguza. Hawakujua kwa nini, gitaa zilikuwa rumba, lakini chini kuna kitu inawaambia simameni. Msichana mmoja akavuta minisketi chini. Kijana akavua kofia. Kwa nyuma mtu akasema, "Amina."

"Besi!" Theuri amesema kwa meno. "Hii ni bugi, si matanga!"

Wimbo wa pili, mimi bado kanisani. Watu wameanza kukaa. Theuri amevuta maikrofoni karibu, ameniangalia, na nimeona mdomo yake ikitengeneza Nga.

Hapo ndipo mvua ikaanguka kwa mabati.

Haikuwa mvua ya kuanza kidogo. Ilimwagika kama lori ya kokoto. Nimeona Theuri akisema jina yangu na ya baba yangu, yote mawili, na hata mimi sikusikia. Gitaa zikapotea. Ngoma ikapotea. Kitu moja tu ilibaki, kwa sababu hiyo haipiti kwa sikio, inapita kwa sakafu na miguu. Nilikuwa peke yangu, mimi na watu mia tatu, na wote wananiangalia.

Nikaangalia chini nikaona mikono ya Simiyu, nyuma ya mgongo wake. Ya kulia ilikuwa ngumi. Ikafunguka: dum, dudu-dum, dum, vidole vikigonga kiganja.

Farasi kwa mto.

Nikaanza. Polepole kama Mzee wa Mzigo. Nani Nyeri hajaona hiyo pikcha? Nimeona uso moja ikijua, halafu kumi, halafu hall yote ikapiga mayowe, na hiyo pia nikaiona tu, midomo imefunguka. Wakapanda farasi! Mia tatu, wanapiga sakafu na viatu, mikono imeshika kamba ambayo haiko.

Simiyu akafunga ngumi. Nikanyamaza.

Yote ikasimama. Mvua tu. Watu wamesimama mguu moja, wamegandisha macho, wanangoja mtu afe. Mimi ningerudi haraka, mdomo yangu yote ilitaka kurudi. Lakini ngumi imekaa. Imekaa. Na nikaelewa ni kwa nini huyu mtu anajua. Mimi nilikuwa naangalia waya. Yeye amesikia besi miaka nne akiangalia nyuso za wanaoisikia. Alikuwa anawasoma pale, mstari kwa mstari, anajua dakika gani hawawezi tena.

Kiganja ikafunguka. Nikapiga noti moja, nikaiachia itembee mpaka mlangoni. Sijawahi kuona watu wakiruka hivyo.

Tulienda hivyo karibu saa nzima, Karani, Mama Mkwe, wote. Mvua ilipopungua gitaa zilitukuta tukiwa kwa rumba, na mimi nilikuwa ndani yake, sijui niliingilia wapi. Wamae angesema shindwa.

Baadaye Theuri alikuja akifuta jasho. "Umeharibu nyimbo mbili nzima."

"Najua."

"Kiriaini hujawahi kupiga hata debe."

"Hapana, mzee. Hapa ndiyo mara ya kwanza."

 Akaangalia sakafu, ambayo ilikuwa imejaa visigino vimevunjika. "Mazoezi ni Jumatano. Na kwa bendi yangu mtu wa besi ndiye anabeba besi."

Nilitafuta Simiyu nikamkuta kwa mlango akitenganisha wawili wanapigana. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nikanyoosha mkono tu, akaushika, na hakuna mtu alisema kitu. Nafikiri alipenda hiyo.

Besi haina kasha. Nilivua koti nikaifunga. Mbula alikuwa na mwavuli, nikamwomba.

"Ya kukufunika wewe?"

"Ya kufunika yeye."

Akasema wanaume wengine wanaoa ng'ombe, wewe umeoa mlango ya waya nne. Lakini aliinua mwavuli juu ya besi, na mimi na yeye tukatembea kila mtu upande wake kwa mvua mpaka Gatitu, yeye akiniambia nisikanyage shimo.

Sasa imelala kwa kitanda yangu, na blanketi. Mimi nimekaa juu ya debe, maji ya mvua inanitoka kwa kaptura. Kitanda ni ndogo, hatuwezi kutosha wawili. Nimejaribu.